Leza kwenye fizi: mwongozo kamili, kuanzia damu kwenye mswaki hadi kidonda kupona

Mgonjwa akikaa kwenye kiti na kuniambia, "Daktari, mimi nataka ile ya leza," swali langu la kwanza huwa hili: fizi zako zina milimita ngapi? Wengi hunitazama tu. Wameona picha za mwanga mwekundu mdomoni, wameambiwa haiumi, haitoi damu wala hakuna kushonwa. Sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Ila hakuna aliyewapima fizi, na bila kipimo hicho hakuna anayeweza kusema kama leza itawasaidia au itawamalizia pesa.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye fizi zake zinatoa damu, zimevimba au zimeota nyama, au ameshaambiwa anahitaji leza na anataka kujua anaingia kwenye jambo gani. Nitafuata njia ileile anayopita mgonjwa. Hatua nyingine ni fupi, lakini ya pili na ya tatu naomba usizipitie juujuu.

Kabla ya yote: mwanga huu unafanya nini

Leza ni mwanga wa aina moja uliokusanywa ukaenda mahali pamoja kwa nguvu. Mmarekani Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwaka 1960 akitumia yakuti. Mwaka 1965 daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, aliujaribu kwenye jino la ndugu yake Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Hata hivyo ilipita miaka mingi: mpaka 1990 ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliporuhusu mashine ya leza kwa ajili ya fizi na nyama laini za kinywa.

Jambo la kushika ni kwamba kila leza ina kitu chake inachopenda "kunywewa" nacho. Leza ya dayodi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 810 hadi 980, hunywewa na damu na ile rangi nyeusi ya mwilini, melanini. Leza ya kabonidioksidi, nanomita 10,600, hunywewa na maji. Ya erbiamu, nanomita 2,940, hunywewa na maji na pia na madini ya jino, ndiyo maana inaweza kuchonga hata jino lenyewe. Kinachokunywa mwanga hupata joto. Nyama ikifika nyuzi 60 hivi hubadilika kuwa nyeupe, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Ikifika 100 maji yaliyomo hutokota na nyama hufunguka. Hapo ndipo inapokatika. Ikizidi 200 inakuwa mkaa. Mishipa midogo ya damu hujikunyata na kuziba wakati huohuo, na hiyo ndiyo sababu ya kutoona damu nyingi.

Mashine iliyoenea zaidi kwenye kliniki ni ya dayodi, kwa kuwa ni ndogo na ni nafuu kuliko nyingine. Ukiambiwa tu "tuna leza," basi mara nyingi ni hiyo, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanaihusu. Dayodi inakata nyama laini vizuri sana. Ugaga, ule uchafu uliogandamana na jino, haiuondoi.

Hatua ya 1: Angalia mdomo wako mwenyewe

Simama mbele ya kioo penye mwanga, vuta mdomo wa chini, kisha wa juu. Ukoga ni ule utando laini mweupe unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Ukiachwa siku kadhaa huanza kushika madini ya mate na kuwa mgumu: huo ndio ugaga. Ulio juu ya fizi huwa wa njano au kahawia, na hupenda sana nyuma ya meno ya mbele ya chini. Uliojificha chini ya fizi huwa mweusi, na huuoni. Huo wa chini ndio unaohifadhi vijidudu wanaosababisha mfupa kuliwa.

Damu kwenye mswaki si jambo la kawaida, hata kama baba na babu nao walikuwa hivyo. Angalia pia kama meno yameanza kuonekana marefu, kama kuna nafasi mpya katikati ya meno, kama jino linacheza, kama kuna usaha ukibonyeza fizi, kama mdomo unanuka hata baada ya kupiga mswaki. Mvutaji wa sigara asijifariji kwamba hatoi damu: nikotini hubana mishipa, hivyo fizi mbovu inaweza kukaa kimya. Na mwenye kisukari asiahirishe hata wiki moja, maana sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zenye uvimbe nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka.

Hatua ya 2: Pimwa, upewe namba zako

Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kile cha Shirika la Afya Duniani kina kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Daktari anakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, kwa uzito wa gramu 20 hadi 25 tu, mpaka kigote. Anafanya hivyo sehemu sita kuzunguka kila jino huku akisoma namba kwa sauti na msaidizi akiandika: tatu, mbili, tatu, tano, sita, tano. Kwa mtu mwenye meno 28 hizo ni namba 168. Inachukua muda, na baadhi ya sehemu zinachoma kidogo. Kama uchunguzi wako umeisha kwa dakika mbili na kioo peke yake, hujapimwa fizi.

Namba 1 hadi 3 bila damu ni fizi yenye afya. Ikifika 4 au 5 na kutoa damu, ufizi umeachia jino na kutengeneza mfuko ambamo vijidudu wanakaa pasipofikiwa na mswaki. Sita na kuendelea ni mfuko wenye kina kirefu, na hapo picha ya eksirei itakuonyesha mfupa wa taya ulivyoshuka. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Kazi ya matibabu kwanza ni kuuzuia usiendelee kuliwa.

Omba nakala ya karatasi hiyo. Ipige picha kwa simu kama hawana mashine ya kutoa nakala. Ni mali yako kama cheti chako cha damu, na utaihitaji hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: Tatizo lako ni la leza au si la leza?

Nianze na mzee mmoja wa Tanga, kwa sababu alinifundisha mpangilio wa kazi kuliko semina yoyote. Aliingia akiwa ameziba mdomo kwa leso. Fizi zake za mbele zilikuwa zimefunika nusu ya meno, nene na zenye vifundo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mna mwanga wa kuyeyusha hizi nyama. Niyeyushie."

Nikamuuliza anakunywa dawa gani. Akatoa mfukoni karatasi: nifedipini, kwa ajili ya presha, miaka kadhaa. Dawa hiyo, pamoja na ndugu yake amlodipini, na fenitoini inayotolewa kwa kifafa, na siklosporini kwa waliopandikizwa figo, zote zinaweza kukuza fizi, hasa pale ambapo ukoga umejaa. Ningemkata siku ileile, angefurahi mwezi mmoja, kisha nyama zingerudi. Nikamwandikia barua daktari wake wa presha kumwomba afikirie dawa ya kundi jingine. Nikamwambia mzee asiache dawa mwenyewe hata siku moja. Tukakwangua ugaga mara mbili, tukamfundisha upya kupiga mswaki. Baada ya miezi miwili fizi zilikuwa zimepungua karibu nusu bila mwanga wowote. Kilichobaki ndicho nilichokipunguza kwa leza, kwa nusu saa, na hakuna uzi wa kushona uliotumika.

Kazi za namna hiyo ndizo zinazoifaa leza kweli: kupunguza fizi zilizokua kupita kiasi, kuondoa kipande cha nyama kinachofunika nusu ya gego la mwisho na kunasa chakula mpaka taya linavimba, kukata kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na fizi kikiwa kinavuta, kufungua ufizi ili jino lililokwama lionekane. Kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kukata kwa leza kuna faida ya wazi.

Kwa mtoto mwenye ulimi uliofungwa na utando wa chini, leza inafanya kazi nzuri, ila swali la kwanza ni kama ananyonya vizuri. Muuguzi amwangalie mama anavyomshika na kumweka kwenye ziwa kabla ya mtu yeyote kushika mashine. Watoto wengi wana utando huo na wananyonya bila shida.

Na hapa niseme kwa uchungu: mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha, fizi zikaonekana zimevimba na nyeupe, hana "meno ya plastiki." Zile ni mbegu za meno yake ya kweli chini ya ufizi. Zisikatwe kwa wembe, kwa sindano, kwa spoku ya baiskeli, wala kwa leza. Mpelekeni hospitali atibiwe kuharisha.

Mama mjamzito akiota uvimbe mwekundu kwenye fizi unaotoa damu ukiguswa, mara nyingi husafishwa meno na kusubiri, kwa kuwa uvimbe huo hupungua sana baada ya kujifungua. Ukimzuia kula au kutoa damu sana, unaondolewa, na miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi.

Sasa fizi nyeusi. Kliniki zinatangaza leza ya kuzifanya ziwe za waridi, na vijana wanakuja wakiwa wameona aibu kucheka. Weusi wa fizi kwetu ni melanini, ileile ya ngozi. Si uchafu, si ugonjwa, wala si dalili ya damu mbaya. Leza inaweza kuondoa tabaka la juu na ufizi ukapona ukiwa mwekundu, lakini rangi ina kawaida ya kurudi kidogokidogo baada ya miezi au miaka. Mtu mzima akiamua baada ya kuyajua hayo, ni mwili wake. Ila sitamwambia mtu kwamba fizi za mama yake mzazi ni tatizo la kutibiwa. Lililo muhimu zaidi ni hili: doa jeusi jipya, la upande mmoja, linalokua, au baka la zambarau kwenye fizi au kaakaa, si la kung'arishwa. Linapimwa.

Vivyo hivyo kwa doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, hasa kwa mtu anayetafuna tambuu, kuberi au kuweka ugoro mdomoni. Kinachoyeyushwa kwa leza hakiwezi kupelekwa maabara. Kwanza kinakatwa kipande, kinatiwa kwenye chupa yenye dawa, kinasomwa na mtaalamu wa maabara. Daktari akitaka kuchoma doa la namna hiyo bila kipimo, toka.

Je, ugonjwa wenyewe wa fizi, wenye mifuko ya milimita 5 na 6? Hapa matangazo yanasema zaidi ya ushahidi. Tiba inayoponya ni kuondoa ukoga na ugaga chini ya fizi, kwa mkono na kwa kifaa cha mtetemo, jino baada ya jino, chini ya ganzi. Baadhi ya kliniki huongeza kuingiza uzi wa leza kwenye mfuko ili kuua vijidudu. Mwaka 2020 Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi lilitoa mwongozo wa tiba ya ugonjwa huu, na likapendekeza leza isitumike kama nyongeza ya usafishaji huo, kwa kuwa faida ya ziada haikuonekana kutosha. Ipo pia mbinu ya Kimarekani iitwayo LANAP, inayotumia leza ya nanomita 1,064 kwa utaratibu maalumu, nayo ina madaktari waliofunzwa kwa ajili yake. Lakini popote ulipo, ukipewa leza ndani ya mifuko bila kukwanguliwa ugaga, umefanyiwa nusu ya kazi, na nusu yenyewe si ile iliyo muhimu.

Hatua ya 4: Maswali ya kuuliza kabla hujakubali

Kwanza hakikisha anayekutibu amesajiliwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, ambalo orodha yake iko mtandaoni. Daktari mzuri haoni vibaya ukiuliza.

Kisha uliza kwa heshima: Leza yenu ni ya aina gani, na mmeitumia kwa kazi kama yangu? Mngekuwa hamna leza mngenifanyia nini, na kwa bei gani? Je, ugaga utakwanguliwa kabla? Nyama itakayotolewa itaenda maabara? Nikirudi mtanipima tena kwa kijiti kilekile? Swali la pili ndilo linalofungua mambo zaidi. Kama jibu ni kwamba kisu cha kawaida kingefanya kazi ileile kwa nusu ya bei na utashonwa nyuzi tatu, basi unachagua ukijua unalipia nini: damu kidogo, kutoshonwa, na pengine uvimbe mdogo. Si uponaji wa ajabu. Kidonda cha leza mwanzoni kinaweza hata kuchelewa kidogo kufunga kuliko cha kisu.

Hatua ya 5: Kujiandaa

Andika dawa zote unazokunywa, pamoja na za mitishamba. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aje na kipimo cha karibuni cha INR, kinachoonyesha damu yake inachukua muda gani kuganda. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Mwenye kisukari ale kama kawaida, anywe dawa zake, aje asubuhi na kipimo cha sukari cha siku hiyo. Mwenye betri ya moyo aseme mapema. Leza haina ule mkondo wa umeme unaopita mwilini kama kifaa cha umeme cha kuunguza nyama, lakini daktari lazima ajue.

Usipake mafuta wala rangi ya mdomo. Kama ni mwezi wa Ramadhani na tatizo linaweza kusubiri, panga baada ya Idi. Siku mbili za kwanza utahitaji kunywa maji na dawa mchana.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba

Kitu cha kwanza ni miwani. Ya kwako, ya daktari, ya msaidizi, na ya ndugu yako kama yuko chumbani. Si miwani yoyote ya rangi: kwenye fremu au kioo pameandikwa namba za nanomita inazozuia, na namba ya mashine lazima iwe ndani ya hizo. Unaweza kusoma mwenyewe. Mwanga wa dayodi unaokata hauonekani kwa macho. Ule mwekundu unaouona ni wa kuelekezea tu. Kwa hiyo jicho halitajua kwamba limeungua mpaka limeshaungua. Mlango unafungwa na kibao cha tahadhari kinawekwa nje.

Kisha ganzi. Kazi ndogo sana inawezekana kwa ganzi ya kupaka, lakini kazi nyingi za kukata zinahitaji sindano. Anayekuahidi "hakuna sindano" kabla ya kukuona anauza.

Ncha ya mashine ni uzi wa kioo mwembamba, mara nyingi wa mikroni 300 au 400, yaani chini ya nusu milimita. Uwe mpya au uliochemshwa kwenye mtambo, na ufunguliwe mbele yako. Kwa kukata, daktari ataugusisha kwanza kwenye karatasi ya rangi, ileile ya buluu unayoiuma baada ya kuzibwa jino, huku akikanyaga pedeli. Ncha inashika weusi na kuwaka kidogo. Si hitilafu. Weusi huo ndio unaokusanya joto pale nchani ili lisizame ndani.

Halafu anaanza: miguso mifupi ya kupangusa, kama anayechora kwa kalamu laini, bila kukandamiza na bila kutua sehemu moja. Utasikia mlio mdogo wa kutatarika na harufu ya nywele zilizoungua. Mpira wa kunyonya lazima uwe karibu kabisa na ncha, maana moshi ule una chembe za nyama na unaweza kubeba virusi. Ndiyo sababu daktari avae barakoa nzito ya N95. Kila baada ya sekunde kadhaa anasimama, anapangusa kwa shashi iliyoloweshwa maji, anaacha nyama ipoe.

Kuhusu kupoa nina deni la kusema ukweli. Katika miezi yangu ya mwanzo na mashine hii niliwahi kutumia, kwa dada mwenye fizi nyeusi tii, kipimo kilekile cha nguvu nilichofundishwa kwa picha za fizi za waridi. Melanini ilikunywa mwanga haraka kuliko nilivyotarajia. Nyama ilibadilika nyeupe pana kuliko mstari wangu, na yeye aliumwa wiki nzima badala ya siku mbili, na ncha ya ufizi kati ya meno mawili ikashuka. Nilimweleza na kumwomba radhi. Tangu siku hiyo kwenye fizi nyeusi naanza chini, wati 0.8 hivi, kwa mwanga wa kukatikakatika, na sipandi mpaka nione nyama inavyoitikia. Muulize daktari wako kama anafanya hivyo. Mfupa nao hauvumilii: ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kuumia, na chini ya ufizi mwembamba mfupa uko karibu sana.

Ukihisi joto kali au harufu ya kuungua inazidi, inua mkono. Mkubaliane ishara hiyo kabla ya ganzi.

Hatua ya 7: Siku 14 za kwanza

Usile mpaka ganzi iishe, saa mbili au tatu, usije ukajing'ata mdomo. Siku hiyo ni uji wa uvuguvugu, maziwa lala, mtori uliopoa. Siku tano zinazofuata acha pilipili, achari, ukwaju, chipsi na mishikaki. Sigara, miraa na pombe viache wiki mbili zote.

Siku ya pili au ya tatu utaona utando mweupe wa kimanjano juu ya kidonda. Simu nyingi napokea siku hiyo: "Daktari, kimetunga usaha!" Si usaha. Ni kifuniko ambacho mwili umekitengeneza juu ya kidonda, sawa na gaga la goti la mtoto aliyeanguka, isipokuwa mdomoni hakikauki. Usikisugue, usikikwangue. Kitaondoka chenyewe na chini yake patakuwa pa waridi. Maumivu huwa juu siku hizohizo, na kwa wengi parasetamoli inatosha.

Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, mara tatu au nne kwa siku. Ukipewa klorheksidini, dawa ya kusukutua, tumia kwa siku ulizoambiwa tu. Ikizidi inatia meno madoa ya kahawia. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida. Sehemu iliyokatwa iache wiki moja, kisha rudi kwa mswaki laini. Mswaki wa mti usiupeleke hapo mpaka wiki mbili zipite, kwa sababu nyuzi zake huchoma kidonda kichanga. Aliyefunguliwa ulimi afanye mazoezi ya kuunyanyua kama alivyoelekezwa, hata kama mtoto analia, vinginevyo kidonda kinaweza kushikana tena.

Mpigie daktari siku hiyohiyo kama damu haikomi baada ya kubana kwa kitambaa safi dakika 20 mfululizo, kama una homa, kama uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu, au kama unaona kitu kigumu cheupe kisichofunikwa na nyama.

Hatua ya 8: Rudi upimwe

Kwa kazi ya kukata nyama, daktari aone kidonda baada ya wiki moja au mbili. Kwa aliyesafishwa mifuko, kijiti cha milimita kirudi baada ya miezi mitatu hivi. Mapema mno kinachokoza nyama inayojishikiza.

Tunachotafuta ni milimita 4 au chini, pasipo damu. Ikibaki 4 au 5 yenye damu, sehemu hiyo inasafishwa tena. Ikibaki 6 au zaidi, pengine ufizi ufunguliwe kwa upasuaji ili ugaga uliojificha uonekane kwa macho, na hapo omba rufaa kwa mtaalamu wa fizi. Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa meno, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Baada ya hapo ni kusafishwa kila miezi mitatu hadi kumi na miwili kutegemea hali yako, na kila usiku kupitisha uzi au kijibrashi katikati ya meno, kwa maisha yote.

Siku hiyo toa ile picha ya namba za mwanzo. Mwombe daktari aandike za leo pembeni yake, karatasi moja, jino kwa jino. Mahali ambapo sita imekuwa tatu, unalijua jibu. Mahali ambapo sita imebaki sita, muulize kuna nini pale chini, na usiondoke mapokezi kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi.